Rafiki Asiyesali Msibani



Nimeombwa nizungumze juu ya urafiki wakati wa msiba. Nimechagua upande mmoja wa jambo hilo ambao kwetu husemwa kwa kunong'ona: mtu asiyesali afanye nini rafiki yake mwenye dini anapofiwa.

Ninaposema asiyesali simkusudii yule aliyekosa ibada mwezi mzima kwa uvivu au kwa kubanwa na kazi. Namkusudia mtu aliyekaa, akafikiri, akaona hana imani ya kuikiri mbele ya watu wala akiwa peke yake. Mimi ni mmoja wao. Nililelewa Kilutheri Uchagani, nikapata kipaimara, nikaimba kwaya ya vijana, na imani ikanitoka polepole ukubwani bila ugomvi na mchungaji wala na wazazi. Maisha yangu ya kazi nimeyamalizia Tanga, nikifundisha sekondari. Marafiki zangu karibu wote ni watu wa dini: Waislamu wa Ngamiani na Chumbageni, Wakatoliki, Walutheri wenzangu wa zamani, na mlokole mmoja ambaye hajachoka kuniombea. Wote hao wamefiwa kwa nyakati mbalimbali, na kila mara imenibidi nijiulize nakwenda pale kufanya nini.

Watu wa namna yangu ni wengi kuliko wanavyoonekana. Sensa ya Kenya ya 2019 iliuliza dini, na zaidi ya watu 750,000 wakajibu kwamba hawana. Huku Tanzania sensa haijauliza swali hilo tangu 1967, kwa hiyo hesabu hatuna. Ila yeyote aliyekesha chini ya turubai la msiba pengine amekesha karibu na mtu wa aina hiyo bila kujua. Huyo huinamisha kichwa wenzake wakiomba, huzungusha kikombe cha chai mkononi, na moyoni anajiuliza kama ana haki ya kuwa pale. Nimekuja kumwambia kwamba haki anayo, na kazi anayo pia.

Wengi wetu hukimbia. Hutuma rambirambi kwa simu na ujumbe wa mistari miwili, au hufika jeneza likiwa linatoka, wakasimama barabarani karibu na magari. Ukiwauliza sababu watakwambia hawapendi kuigiza: hawataki kuitikia amina wasiyoiamini, wala kusema marehemu yuko pema ilhali wao hawajui kama huko pema kupo. Naiheshimu hofu hiyo, maana inatoka kwa mtu anayechukia uongo. Lakini tazameni inamfanyia nini mfiwa. Mwanamke amepoteza mume, na rafiki aliyezoeana naye tangu wote wakiwa wasichana haonekani, kwa kuwa anailinda dhamiri yake. Mimi nasema dhamiri yangu siku hiyo ingoje. Aliyefiwa si mimi.

Tena msiba wetu, ukiutazama vizuri, sehemu yake kubwa ni kazi za mikono na miguu. Mtu amefariki hospitalini saa tisa usiku. Kabla ya alfajiri anatakiwa mtu wa kuwapigia simu ndugu walioko Dar es Salaam, Arusha na Mombasa, tena awapigie kwa mpangilio, mkubwa wa ukoo asije akasikia habari kwa jirani. Anatakiwa wa kushughulikia bili na kibali cha mazishi, wa kutafuta turubai na viti vya kukodi, wa kutoa makochi sebuleni ili mikeka itandikwe. Kuna maji ya kuchota, kuni, masufuria makubwa, mchele, maharage, chai ya wakeshaji. Watoto wa marehemu wana mitihani wiki hiyo, au mmoja ana homa, na hakuna aliyewakumbuka kwa sababu kila mtu mzima anamtazama mama yao. Hakuna hata moja katika kazi hizo inayomuuliza anayeifanya kama anasali.

Mimi mara nyingi hupewa daftari la michango, kwa sababu ya mwandiko wa ualimu. Ni daftari la kawaida la shule, ukurasa umepigwa mstari katikati: kushoto jina la mtu na anakotoka, kulia kiasi alichotoa, na chini vile visivyo fedha, debe la mchele, mikungu ya ndizi, doti ya kanga. Naliandika kwa uangalifu mkubwa. Walioandikwa humo nao watafiwa siku moja, na mfiwa wa leo atataka kujua nani alimfaa ili naye asikose. Nimemwona mjane, wiki kadhaa baada ya mazishi, amelifungua daftari hilo mapajani akipitisha kidole kwenye majina, jina hadi jina, akisema polepole, "Hata huyu alikuja." Jina lililoandikwa vibaya lingemkosesha hilo.

Kazi zikishapangwa huja ibada, na hapo ndipo asiyesali huanza kukosa raha. Dawa yake ni kujua kinachofuata kabla hakijafika. Kwa rafiki Mwislamu mambo huenda mbio. Aliyefariki usiku mara nyingi huzikwa kabla ya jua kuzama, kwa hiyo ukisema utakwenda kesho utakuta mambo yamekwisha. Kuosha maiti na kukafini ni kazi ya wanaoijua na ya jamaa wa karibu, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, hapo usijisogeze. Lakini sanda, vipande 3 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke, na pamba na manukato yake, vyote vina mtu anayetumwa dukani, na aliye na baiskeli au pikipiki ndiye hutafutwa. Swala ya jeneza huswaliwa kwa kusimama tu, takbira 4, haina rukuu wala sijida, na haichukui muda. Simama nyuma ya safu kwa adabu, usiigize. Jeneza likinyanyuliwa, wewe mwanamume, ingiza bega. Hubebwa kwa kupokezana, wa nyuma wakipita mbele, na katika mji wetu sijasikia mtu akizuiwa kulipokea kwa sababu ya dini yake. Wanawake wengi wa pwani hawafiki makaburini, hubaki nyumbani, nami kwa kuwa ni mwanamke hubaki nao.

Halafu kuna mambo ambayo Waislamu wenyewe hawakubaliani, na asiyesali asiingize mguu wake humo. Katika nyumba moja kaka anataka hitima isomwe na arobaini ifanywe kama ilivyofanywa kwa babu. Mdogo wake aliyesoma kwa masheikh wengine anasema hayo ni uzushi, hayana msingi katika dini. Wote wawili wana uchungu wa mtu mmoja. Ukiulizwa, sema utakuja siku watakayoipanga, na uulize mchele uletwe kilo ngapi.

Kwa rafiki Mkatoliki itakuwepo jumuiya, nayo itakuja jioni kwa jioni na rozari. Keti mkekani na wenzako, au uwe jikoni ukiwaandalia chai watakaomaliza. Kwa Walutheri yatakuwepo mashada ya maua ya kuwekwa kwa zamu, na jina la kundi lako litaitwa, nenda, weka. Kwenye mkesha wa walokole mhubiri ataita wanaotaka kuokoka wapite mbele, naye huenda akatazama upande wako kwa muda mrefu. Bakia kitini. Anafanya anachoamini kitakuokoa, na wewe hujaja kwa ajili yake.

Ipo siku utaombwa uombe kwa niaba ya wote. "Mwalimu, tufungie kwa sala." Nimeshaombwa hivyo zaidi ya mara moja, na jibu langu ni kwamba mzee mmojawapo atuongoze, nami nitasema neno juu ya marehemu. Kisha nasema nilichokiona kwa macho yangu: alivyokuwa akiwalipia wanafunzi wa jirani nauli ya daladala, au alivyokuwa akifagia mbele ya nyumba zote tatu za mtaa na si ya kwake peke yake. Kuhusu amina, mimi siitikii, na sijamwona mfiwa anayehesabu midomo ya watu. Wapo wasioamini wanaoitikia kwa kumpenda mfiwa, nami siwaiti wanafiki. Ninachokikataa ni mtu kufanya kaburi la mwenziwe kuwa jukwaa la kutangaza kwamba yeye haamini: kukunja mikono wakati wa sala, kumtupia jicho mtu wa pembeni mhubiri anaposema, kukataa kuinuka wakati hata wazee wa miaka themanini wameinuka kwa fimbo zao.

Sasa nije kwenye maneno, ambako ndiko kwenye ugumu wenyewe.

Rafiki yangu mmoja, Mwislamu, alifiwa na mumewe akiwa bado na watoto wa shule ya msingi. Alikaa eda. Eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10, kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Aliye mjamzito humaliza anapojifungua. Katika muda huo hatoki pasipo haja, hajitii manukato, havai vya kujipamba. Kwenye ukuta wa chumba chake alitundika kalenda ya msikiti, ile yenye tarehe za aina mbili kwenye kisanduku kimoja, ya kawaida kwa wino mweusi na ya Kiislamu kwa kijani, na kila baada ya magharibi alitia alama ya kalamu. Walimu wenzangu waliniuliza kama simwonei huruma, mwanamke kijana kufungiwa ndani namna ile. Nilimweleza hayo, kwa kuwa hatukuwa na siri. Akaniambia, "Shoga, hii eda ndiyo kitu pekee kilichobaki ninachoweza kumfanyia." Tangu hapo kazi yangu ilikuwa kuona kwamba anaimaliza eda yake kama anavyotaka. Nilinunua umeme wa Luku, nilipeleka watoto kliniki, nilikwenda shuleni kueleza kwa nini ada imechelewa. Eda ilikuwa yake, nje ya mlango nilikuwa mimi.

Alasiri moja tulikuwa tunakunja nguo za marehemu ili zigawiwe. Alikuwa ameshika kanzu ambayo shingo yake ilikuwa imeanza kufumuka uzi. Akaniuliza, hakunitazama, "Shoga, wewe unadhani yuko wapi?"

Alijua kwamba sisali. Alijua miaka mingi.

Nikamwambia, "Hilo unalijua wewe kwa imani yako, mimi sina ujuzi nalo. Ninachokijua ni kwamba alikuwa anakungoja pale stendi kila Ijumaa ukitoka Muheza, hata siku za mvua, na hakuwahi kukulalamikia kwamba umechelewa. Alikuwa mtu mwema."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mimi najua yuko kwa Mola wake."

"Najua," nikamwambia.

Akachukua nguo nyingine, nami nikachukua nyingine.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi, na bado naona ndilo lililonipasa. Kama ningesema yuko peponi, angejua nasema kumridhisha, na yote niliyomwambia kabla yangepungua uzito. Kama ningeanza kueleza ninavyoona mimi kuhusu kifo, ningekuwa nimemfanya mwenyeji wa mawazo yangu ndani ya chumba chake cha eda. Watu wengi walikuwa wameshamwambia mumewe alikuwa mwema, na wote desturi iliwataka waseme hivyo. Aliyekataa kumdanganya juu ya pepo, huyo akisema mume wako alikuwa mwema, anasadikika. Hiyo ndiyo zawadi ambayo asiyeamini anaweza kumletea mfiwa mwenye dini, na naamini hakuna mwingine pale mkekani anayeweza kuileta kwa namna hiyo hiyo. Lakini haiwezekani kama hukumjua marehemu, wala kama umefika msibani ukiwa umechelewa na kuondoka mapema.

Nitawapeni kisa kutoka mbali kidogo, kwa kuwa kimeandikwa kwa urefu na nyaraka zake zipo. Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, alimwoa Emma Wedgwood mwaka 1839. Emma alikuwa Mkristo wa dhati. Darwin alikuwa akipoteza imani kidogo kidogo, na hakumficha. Siku za mwanzo za ndoa Emma alimwandikia barua akieleza hofu yake kwamba huenda wasiwe pamoja milele. Darwin hakuweza kumwondolea hofu hiyo, kwa sababu hakuwa na jibu ambalo Emma alilitamani. Aliihifadhi barua, na akaandika juu yake kwamba ameibusu na kuililia mara nyingi.

Mwaka 1851 binti yao Annie, mwenye umri wa miaka 10, aliugua. Darwin alimpeleka Malvern kwa matibabu, akamwacha huko. Emma alibaki nyumbani Kent kwa sababu alikuwa mjamzito, karibu kujifungua. Mtoto alipozidiwa, Darwin alirudi kando ya kitanda chake akawa anamwandikia mkewe siku kwa siku. Ukizisoma barua hizo hutakuta maelezo juu ya Mungu kumjaribu mja wake, wala juu ya kutokuwepo kwake. Utakuta amekunywa uji vijiko vingapi, ametapika saa ngapi, mapigo ya moyo yakoje, na jinsi mtoto alivyoshukuru alipopewa maji. Mama aliye mbali na mwanawe anayekufa alipelekewa mwanawe kwa barua. Annie alifariki tarehe 23 Aprili. Darwin alimwandikia Emma kwamba amekwenda kwa utulivu, na kwamba sasa wao wawili wawe karibu zaidi kuliko zamani. Hakungoja mazishi, alimwachia jamaa azike na akakimbilia nyumbani kwa mkewe. Kwetu baba angelaumiwa sana kwa hilo, nami mwenyewe nisingemshauri, ila naelewa alimkimbilia nani.

Wiki moja baadaye alikaa akaandika kumbukumbu ya mtoto: furaha yake, mikono yake, namna alivyokuwa akicheza na nywele za baba. Emma naye alihifadhi kisanduku cha Annie cha vifaa vya kuandikia, akawa nacho mpaka alipofariki yeye mwenyewe mwaka 1896. Wawili hao hawakupatana kuhusu mbingu hata siku moja. Waliishi pamoja mpaka Darwin alipokufa mwaka 1882. Nikisoma habari zao naona kwamba wasichokubaliana hakikuwazuia kumlilia mtoto mmoja, kwa sababu mume alijifunga kwenye mambo aliyoyajua kwa hakika na akamwachia mke yale anayoyaamini.

Kuna saa nyingine ngumu kuliko ile ya swali. Ni saa ambayo mwenye imani humkasirikia Mungu wake. Mama aliyezika mtoto atasema, "Nimemkosea nini?" Asiyeamini akiyasikia hayo anavutwa pande mbili. Upande mmoja unamwambia aitikie: naam, ndiyo maana mimi niliacha. Upande mwingine, wa ajabu kidogo, unamfanya amtetee Mungu asiyemwamini, ili tu kilio kipungue. Kataa pande zote mbili. Hasira ile ni sehemu ya dini yake. Kitabu cha Ayubu kimejaa hasira hiyo, na marafiki zake watatu walifanya vyema siku 7 za kwanza walipokaa naye chini kimya. Waliharibu walipoanza kueleza. Mwandishi C. S. Lewis, aliyejulikana kwa vitabu vya kuitetea imani ya Kikristo, alifiwa na mkewe mwaka 1960, akaandika kijitabu kilichojaa malalamiko kwa Mungu na kukichapisha mwaka uliofuata kwa jina lisilo lake. Hakuacha Ukristo. Rafiki yako naye huenda kesho akarudi kwenye sala zake. Kama jana ulimwitikia kwa furaha, leo ataona haya mbele yako, na atakuepuka katika siku anazokuhitaji zaidi. Sikiliza, shika mkono, ulizia alikula lini.

Wakati mwingine anayemjeruhi mfiwa ni watu wa dini yake wenyewe. Mnajua ninachosema. Marehemu hakuwa anahudhuria jumuiya, au michango yake ya kanisa ina madeni, na viongozi wanasema hawatamzika kwa ibada. Au alijitoa uhai, na mahubiri yanageuka onyo. Mfiwa anakuwa na misiba miwili. Hapa asiyesali ana nafasi ya pekee, maana hana cheo cha kupoteza mle ndani. Anaweza kwenda kwa katibu wa jumuiya kabla ya jogoo, akavua kofia, akauliza kinachodaiwa ni kiasi gani na nani anaweza kusema na paroko. Anaweza kukusanya fedha hizo. Akirudi, amwambie mfiwa kwamba ibada itakuwepo saa nane. Asiongeze neno juu ya makanisa. Rafiki yake anataka mama yake azikwe na kanisa lile lile lililomchukiza jana, na ana haki ya kulitaka.

Nimesema muda wote kwamba asiyeamini asibishane msibani. Kuna mahali pamoja ambapo sikubali ukimya. Msiba huzaa maneno, na mara nyingi maneno hayo hutafuta mchawi. Marehemu alikuwa mzima jana, nani alimpa chakula, bibi wa nyumba ya pili alikuwa akimtazama. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa maneno yaliyoanza hivyo, wanawake ambao macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka yote. Imani inayomfariji mfiwa ni yake, sina la kusema nayo. Imani inayomnyooshea kidole jirani ina mtu wa pili ndani yake. Nikisikia hivyo husema wazi kwamba daktari alitaja shinikizo la damu, na cheti hiki hapa, na mara nyingi nimegundua kwamba shehe au mchungaji aliyepo anangoja mtu aanze ili amuunge mkono. Hapo wenye dini na wasio na dini tuko upande mmoja.

Turubai likishakunjwa, watu hutawanyika, na mfiwa anabaki na karatasi. Haya hayaongelewi sana kwenye mihadhara, nami nitayataja kwa sababu ndipo marafiki wengi hupotea. Cheti cha kifo kinatafutwa RITA, kwa wasajili wa vizazi na vifo. Ukoo unakaa kikao na kuandika muhtasari wa kumpendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari unapelekwa Mahakama ya Mwanzo, na bila uteuzi wa mahakama benki haitoi fedha za marehemu. Mafao ya mfuko wa hifadhi ya jamii nayo yana fomu zake. Mjane aliye kwenye eda, au baba aliyeachwa na watoto wanne, akiona foleni hizo huahirisha, na mwaka unapita. Rafiki anayekwenda naye, akabeba bahasha yenye nakala na picha ndogo, akajua ni dirisha gani na siku gani karani yupo, anafanya jambo kubwa kuliko hotuba zote za siku ya mazishi. Na mirathi ikigawanywa kwa sheria ya Kiislamu, mke mwenye watoto wa marehemu ana fungu lake la thumuni, moja ya nane. Hata kama mimi ningeligawa vingine, si mali yangu wala dini yangu. Kazi yangu ni kuhakikisha thumuni hiyo haipotei njiani mikononi mwa shemeji.

Baadaye rafiki atataka kutoa sadaka kwa jina la marehemu, yenye kuendelea: kisima, bomba la maji msikitini, misahafu ya madrasa. Nimeulizwa na vijana wasiosali kama wachangie. Kisima hakina ubishi. Misahafu nayo nimechangia, kwa kuwa ninayempa ni rafiki yangu, na anachokinunua yeye ni njia ya kuendelea kumtendea mema mtu aliyempenda. Na tafadhali mtaje marehemu kwa jina lake mwezi wa sita, mwezi wa tisa, mwaka wa pili. Watu huacha kumtaja wakidhani wanamponya mfiwa. Muulize ile hadithi ya jinsi walivyokutana, hata kama unaijua.

Naye rafiki huyo atakuombea. Atakuambia usiku aliamka akakutaja kwenye dua. Mshukuru. Usimwambie haikuwa lazima.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wasiosali tukifa sisi. Kwa kawaida hatumwambii mtu, kisha tunakufa, na marafiki wenye dini wanaachwa wakivutana na ukoo wetu juu ya namna ya kutuzika, huku wao ndio wafiwa. Ni mzigo usio wa haki kuwatwika. Mimi nimemwandikia rafiki yangu yule, na nakala iko kwa mdogo wangu Moshi. Nizikwe Tanga, karibu. Mwili usilazwe mochwari siku nyingi ndugu wakisubiriana. Watu wapate chakula, wasikose chai. Mdogo wangu akitaka mchungaji, aje, na asome mafupi. Na rafiki yangu akitaka kunisomea dua yake, asome, mbele ya watu au peke yake kama atakavyoona inafaa.